Lebo ni ushahidi: Fundi wa Magomeni asilizike jina lake

Katika safu yetu ya leo tunapenda kuzungumza na familia zetu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo mno kiasi cha kutostahili kujadiliwa. Nalo ni kile kipande cha kitambaa kinachoshonewa ndani ya shingo ya kanzu, abaya au shati, ambacho sote tunakiita lebo.

Ni kipande kisichozidi upana wa vidole viwili, na nguo ikishavaliwa hakuna akionaye. Hata hivyo, hicho ndicho mnunuzi wa mjini anachokitafuta kwanza anapoishika nguo mkononi. Kwa ajili ya kipande hicho nguo mbili zilizoshonwa kwa kitambaa kimoja huuzwa kwa bei mbili zilizoachana mbali. Jambo lenye uwezo wa namna hiyo juu ya mifuko ya watu haliwezi kuwa dogo, na kwa hakika lina hesabu yake mbele ya Mola.

Anayeifahamu Dar es Salaam anajua kwamba Magomeni na Kariakoo ni kama ndugu wawili waliotenganishwa na bonde la Jangwani. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi mwezi Mei mwaka 2016, mtu hupanda Magomeni Mapipa akashuka Gerezani, na kutoka hapo akaingia kwa miguu katika mitaa ya Msimbazi, Kongo na Narung'ombe. Biashara ya nguo nayo hupita njia hiyo. Vitambaa na nguo za jumla hutoka Kariakoo, na upande wa Magomeni kuna mafundi wenye vyerehani vyao na wauzaji wa rejareja, wakiwahudumia watu wa Mwembechai, Mikumi, Usalama na Kagera.

Sura ya biashara hiyo imebadilika sana. Zamani duka la nguo lilikuwa ni rafu za mbao, kaunta na muuzaji mwenye futi yake ya kupimia. Leo fremu ya duka huwekwa vioo, taa kali na sanamu zilizovalishwa mitindo mipya, na picha za mzigo ulioingia hurushwa katika mitandao ya kijamii kabla marobota hayajafunguliwa yote. Aidha, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, hata mfuko wa kubebea umegeuka kuwa tangazo, kwani muuzaji huuchapisha jina la duka lake na mteja akautembeza mtaani bila malipo.

Hatuyataji haya kwa kuyalaumu. Uislamu haukuja kuwavisha watu matambara. Katika Suratul A'araf wanadamu wameamrishwa kujipamba waendapo katika ibada, wakakatazwa israfu, kisha wakaulizwa ni nani aliyeharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, hakumhesabu kuwa mwenye kibri. Alibainisha kuwa kibri ni mambo mawili: kuikataa haki na kuwadharau watu. Tunamuomba msomaji ayaweke akilini mambo hayo mawili, maana ndiyo tutakayoipimia biashara ya nguo katika makala hii.

Historia ya pwani yetu nayo inatufundisha kutodharau hamu ya mtu kuvaa vizuri. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, watu wengi waliokuwa wamevishwa kaniki na vitambaa duni ili wajulikane kuwa ni watumwa waliitumia nguo kutangaza uhuru wao. Wanawake walijifunga khanga na baadaye wakavaa buibui, na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Kwa watu wale nguo haikuwa urembo mtupu. Ilikuwa ni tamko kwamba sisi nasi ni waungwana. Kwa hiyo kijana wa leo anayetaka aonekane nadhifu hafanyi jambo geni wala la aibu.

Tatizo linaanza pale nguo inaposema uongo.

Hebu tuchukue mfano wa fundi mmoja wa kufikirika pale Magomeni. Ananunua kitambaa kizuri cheusi Kariakoo, anakata abaya kwa ustadi, anaitia darizi ya mkono katika mikono na kifuani, anamalizia kingo kwa uangalifu. Kazi yake haina kasoro. Lakini anajua kuwa akisema imeshonwa Magomeni mteja ataomba apunguziwe bei hadi nusu. Basi anashonea lebo yenye jina la Kiarabu asilolimiliki na maneno yanayoonyesha kuwa nguo imetoka Dubai. Siku hiyohiyo abaya inauzwa kwa bei anayoitaka.

Je, fundi huyo amefanya nini? Wengi watasema amefanya ujanja wa mjini. Sisi tunasema ametoa ushahidi wa uongo. Lebo ni kauli ya muuzaji, ijapokuwa imeandikwa kwa uzi badala ya kutamkwa kwa ulimi. Inamwambia mnunuzi ni nani aliyeitengeneza bidhaa, imetoka wapi, na nani wa kuulizwa ikiharibika. Mnunuzi anatoa fedha yake kwa kuiamini kauli hiyo. Ikiwa si kweli, basi sehemu ya bei ile imechukuliwa kwa udanganyifu, hata kama nguo yenyewe ni nzuri.

Imo katika Sahihi ya Muslim habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaona rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, na vidole vyake vikakutana na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamhoji kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akamtahadharisha kuwa mwenye kudanganya amejitoa katika njia yake. Kila mfanyabiashara Mwislamu ameisikia habari hiyo. La kustaajabisha kwa fundi wetu ni kwamba yeye nafaka yake ni kavu juu na chini. Hana kasoro ya kuificha. Anachokificha ni sifa yake mwenyewe, na sifa hiyo anamkabidhi mtu mwingine aliye mbali, asiyemjua na asiyemshukuru.

Kwa maana hiyo fundi huyo amewadhulumu watu watatu. Amemdhulumu mnunuzi aliyemwamini. Amemdhulumu mwenye jina, ikiwa jina hilo ni la kampuni iliyopo, kwa kulitumia bila ridhaa yake. Na wa tatu ni yeye mwenyewe, kwani atashona miaka 20, macho yachoke na mgongo upinde, na mwisho wake hakuna mteja hata mmoja atakayejua kuwa zile abaya nzuri zilikuwa za mkono wake. Mwanawe atarithi cherehani, hatarithi jina.

Imam Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeishi kati ya mwaka 80 na 150 Hijria, alikuwa mwanachuoni na vilevile mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufah. Imesimuliwa kwamba alimpa mshirika wake mzigo wa nguo na kumweleza kuwa moja ina kasoro, hivyo amwonyeshe mnunuzi. Mshirika akasahau, akauza bila kueleza, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Abu Hanifa alipopata habari alitoa sadaka fedha yote iliyopatikana katika mauzo yale. Jina la duka lake halikujengwa kwa taa wala vioo, bali kwa watu kujua kwamba neno lisemwalo pale kuhusu nguo ni neno la kweli. Huo ndio msingi wa nembo yoyote ya biashara, ya zamani na ya sasa.

Zipo hoja zinazotolewa kuutetea mtindo huu, na ni haki tuzijibu. Ya kwanza ni kwamba mteja mwenyewe anajua kuwa nguo si halisi, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Pengine yule wa kwanza anajua. Lakini nguo hununuliwa pia kama zawadi ya harusi, hupelekwa mikoani, huuzwa tena na mwingine, na kila inapofika lebo inaendelea kusema uongo wake. Isitoshe, ridhaa ya mnunuzi haiwezi kuhalalisha matumizi ya jina la mtu wa tatu ambaye hakuombwa.

Hoja ya pili ni kwamba mitindo yote ni ya kuigana, basi kosa liko wapi? Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili. Mtindo husafiri, na hakuna ubaya. Buibui lenyewe halikuzaliwa Magomeni, lilifika pwani yetu kutoka Hadhramaut. Vitenge tunavyovaa asili yake ni vitambaa vya batiki vya Java, ambavyo Waholanzi walijifunza kuviiga kwa mashine katika karne ya 19, na kampuni ya Vlisco iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846 ikapata umaarufu mkubwa kwavyo barani Afrika. Leo Vlisco nayo imekuwa mwathirika, kwani waigaji wa mbali hunakili michoro yake pamoja na maandishi yake ya ukingoni. Kujifunza mshono na mkato wa watu wengine ni elimu. Kuandika jina lao juu ya kazi usiyoitengeneza wao ni uongo. Fundi wa Magomeni ana ruhusa kamili ya kushona abaya ya mkato wa Ghuba, ilimradi aseme kwamba ameishona yeye.

Na hata hiyo sifa ya kutoka Dubai inahitaji kuangaliwa kwa makini. Dubai ni soko kubwa la kupitishia bidhaa za dunia. Vitambaa vingi vya abaya zinazouzwa huko hutoka Korea, Japani, India na China, na mafundi wengi wanaozishona ni watu wa India, Pakistani na Bangladeshi waliokwenda kutafuta riziki. Kwa hiyo neno Dubai linatueleza nguo ilinunuliwa wapi. Halitwambii imeshonwaje. Mteja anayelipa ziada kwa neno hilo peke yake analipia safari ya robota.

Wala tusidhani kwamba kujenga jina la biashara ni elimu ya wageni peke yao. Desturi hiyo ni kongwe katika pwani yetu. Mjini Mombasa alikuwepo mfanyabiashara wa khanga aitwaye Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla. Khanga zake zilichapwa herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kutia misemo ya Kiswahili katika khanga. Tazama alivyofanya. Hakuandika kwamba khanga zake ni za mfalme fulani wa Ulaya. Alichukua jina lake la kuitwa mtaani, akalichapa juu ya bidhaa, akawaambia wanawake wa pwani kwa lugha yao kwamba hii ni mali yangu na mimi ndiye wa kuulizwa. Jina hilo bado linakumbukwa baada ya zaidi ya miaka 100.

Hapa kwetu pia, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa ushirikiano na China kiliingiza jina lake katika kila nyumba, kwa khanga na vitenge vilivyovaliwa harusini na misibani. Na tangu mwaka 2008, Wiki ya Mitindo ya Kiswahili iliyoasisiwa na mbunifu Mustafa Hassanali imewaonyesha vijana kuwa mbunifu wa Dar es Salaam anaweza kusimama na jina lake mwenyewe mbele ya watu. Iweje basi fundi wa Magomeni aone haya?

Sheria za nchi nazo ziko upande wa mkweli. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kutia alama za uongo katika bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuzikamata na kuziteketeza bidhaa bandia. Vilevile, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inampa kila mfanyabiashara wa Tanzania Bara nafasi ya kusajili alama yake kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, na baada ya hapo huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Anayetaka ulinzi hadi Zanzibar hana budi kusajili huko pia, kwa kuwa usajili wa Bara hauvuki bahari. Mafundi wanaoshirikiana sehemu moja wanaweza kuchangishana wakasajili jina moja, wakashonea lebo moja, na wakachungana wenyewe ili kazi mbovu isitoke chini ya jina hilo.

Kadhalika tuna neno kwa ndugu zetu mawinga wa Kariakoo, wanaompokea mteja barabarani na kumwongoza hadi dukani. Kazi ya udalali ni ya halali, na ujira wake ni haki. Lakini winga anayeapa kuwa nguo ni halisi ilhali anajua si halisi, au anayejifanya mwenye duka ili afiche alichoongeza juu ya bei, anaiuza ahera yake kwa faida ya jioni moja. Aseme kweli, ataje ujira wake, na mteja atarudi kumtafuta kwa jina.

Tukiishia hapa tutakuwa tumemwonea fundi. Sehemu kubwa ya lawama iko kwetu sisi tunaonunua. Fundi anaficha jina lake kwa sababu sisi tumemfundisha kwamba jina lake halina thamani. Tukiingia dukani, swali letu la kwanza huwa ni nguo imetoka wapi, nalo swali la imeshonwaje hatuliulizi kabisa. Tunambembeleza aliye jirani apunguze shilingi elfu mbili, kisha tunalipa maelfu zaidi dukani kwingine bila kunung'unika kwa sababu ya maandishi ya shingoni.

Na hapa ndipo linapoingia lile jambo la pili katika maana ya kibri, yaani kuwadharau watu. Mtoto anayefundishwa na wazazi wake kuhesabu thamani ya mtu kwa alama iliyo kwenye kiatu atakwenda madrasa akamcheka mwenziwe aliyevaa kanzu ya kushonwa mtaani. Yule aliyechekwa atarudi nyumbani akalia. Mama yake, kwa uchungu, atakwenda kuchukua mkopo wa haraka, ile mikopo ambayo mitaani imepewa jina la kausha damu, ili siku ya Idd mwanawe asiaibike tena. Riba, deni na fedheha vitaingia katika nyumba ya Waislamu kwa sababu ya kipande cha kitambaa, ambacho pengine ni cha bandia. Tunawauliza wazazi: hiyo ndiyo sikukuu tuliyofungia mwezi mzima?

Basi tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba. Kwanza, tujifunze kuisoma nguo kabla ya kusoma lebo. Igeuzeni nje ndani, mtazame kama mishono imenyooka, kama kingo zimemaliziwa, kama pindo lina akiba ya kushushwa mtoto akirefuka, kama vifungo vimekazwa. Kitambaa kikunjeni mkononi, muone kama kinarudi au kinabaki na makunyanzi. Fanyeni hivyo mkiwa na watoto, ili wajue kuwa thamani iko katika kazi.

Pili, kamati za misikiti na walimu wa madrasa zetu, ambao kila mwaka huagiza kanzu, hijabu na sare kwa mamia ya watoto, watoe kazi hiyo kwa mafundi wa mtaani mwao na kuwapa sharti moja: kila nguo ibebe jina la kweli la aliyeishona. Fundi akijua kuwa jina lake litavaliwa msikitini mbele ya watu, atashona kwa kumcha Mwenyezi Mungu na kwa kuchunga heshima yake.

Tatu, mafundi wenyewe waanze sasa. Wachapishe lebo ndogo yenye jina lao na neno Magomeni, waishonee pale palipokuwa panakaa jina la watu. Huenda mwezi wa kwanza bei ikashuka kidogo. Lakini mteja aliyeridhika atakuwa na njia ya kumtafuta tena aliyemshonea, jambo ambalo lebo ya bandia haikuwahi kumpa.

Siku ya Kiyama kila kiungo kitatolea ushahidi yale kilichofanya, na mikono iliyoshona haitakuwa na lebo ya kujificha nyuma yake. Ni bora ishuhudie leo, kwa hiari na kwa haki, ikiwa bado ina nafasi ya kupata baraka ya ukweli huo. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awabariki wafanyabiashara wakweli wa Magomeni, Kariakoo na kwingineko, azipe nyumba zetu kinaa, na atujaalie kuvaa vizuri bila ya kumdharau yeyote. Amin.

Wabillahi Tawfiq.